Mwanamke Asiye na Meno

Barua imetoka shuleni. Imepigwa chapa vizuri, na chini yake kuna sahihi ya mtu nisiyemjua. Inaniita "dada mpendwa" na kuniomba, mimi na wasichana wengine wa zamani, tuandike ukurasa mmoja wa kumbukumbu njema kuhusu mwaka uliotujenga. Kutakuwa na sherehe, keki na kijitabu. Niliisoma nikiwa nimekaa kitandani, mtoto ananyonya upande wa kushoto na titi la kulia linavuja hadi kwenye shuka, nikacheka mpaka mama mkwe wangu akachungulia mlangoni kuona kama nimeshikwa na wazimu wa uzazi. Ukurasa mmoja! Na uwe mwema! Mtoto wangu ana siku tisa na bado hana jina. Mama mkwe anasema jina analo tangu akiwa tumboni, kwa sababu kwetu Embu binti wa kwanza huitwa jina la mama wa baba yake, na hilo halijadiliwi kama bei ya nyanya. Mimi nimesema ngojeni. Wamengoja siku tisa, na kila siku sauti za sufuria jikoni zinazidi kupanda. Basi nitaandika. Nitaandika mambo mawili kwa mkupuo mmoja: kumbukumbu waliyoniomba, na sababu ya mtoto kukosa jina. Ni habari moja.

Sitaeleza nilizaliwaje wala baba alikuwa na ng'ombe wangapi. Nianzie bwenini. Kilikuwa chumba kirefu chenye vitanda ishirini vya chuma, upande wa Meru, na dirisha la mwisho lilitazama mlima. Kitanda changu kilikuwa chini ya dirisha hilo, na jirani yangu alikuwa Karimi, msichana wa Timau aliyelala na soksi mbili mbili na kudai kwamba sisi wa Embu hatujui baridi ni nini. Asubuhi tulikunywa uji uliopikwa kwenye pipa, mchana tulikula mahindi na maharagwe yenye wadudu tuliokubaliana kuwaita nyama. Ulikuwa mwaka wa Hali ya Hatari, serikali ya Waingereza ikiwasaka wapiganaji wa msituni na yeyote aliyekula kiapo cha kuwaunga mkono. Nyumbani watu walikuwa wameondolewa kwenye mashamba yao na kusongamanishwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na miti iliyochongwa ncha, na homugadi, askari wenyeji wa upande wa serikali, walisimama langoni wakihesabu nani katoka kuteka maji na nani karudi. Sisi shuleni tuliyasikia hayo kama mtu anavyosikia mvua ya kijiji kingine. Tulijua inanyesha. Hatukulowa.

Mwalimu mkuu alikuwa mwanamke wa Kizungu tuliyemwita Bibi Mkuu. Kila Alhamisi alasiri alitufundisha somo lililokuwa lake peke yake, halikuwa katika mtihani wowote, kuhusu mema na mabaya na jinsi mtu anavyojua anachokijua. Nililipenda somo lile. Naandika neno hilo kwa uchungu, lakini ni kweli, nililipenda kuliko chakula. Alhamisi moja mlima ulikuwa umefunikwa na wingu mpaka kwenye miguu. Akasimama dirishani akauliza, "Mlima uko pale?"

"Uko, Bibi," tukaitikia wote.

"Mnauona?"

"Hapana, Bibi."

"Basi mnajuaje?"

Karimi akasema, "Bibi, baridi yake iko kwa mifupa yangu," na darasa zima likaangua kicheko. Mwingine akasema jana tuliuona. Bibi akauliza, "Na kama umeondoka usiku?" Ndipo nikanyoosha mkono nikasema mto bado unashuka, na maji hayawezi kushuka kutoka mahali ambapo hapapo. Bibi Mkuu akageuka, akaandika maneno yangu ubaoni, na chini yake akaandika yake: Usiseme najua kabla hujaweza kusema unajuaje. Usitamke kama kweli neno unalojua si kweli, hata likikugharimu. Niliyanakili kwenye daftari langu kwa wino, nikayapigia mstari. Wiki nzima nilitembea kama niliyevikwa taji. Nilikuwa na miaka kumi na saba na niliamini kwamba mtu akishaandika jambo ubaoni, na yeye mwenyewe limemfunga.

Kisha kikosi cha kuchuja watu kikafika shuleni. Ndivyo tulivyokuwa tukisema, kuchujwa, kama maziwa. Kila mwanafunzi mkubwa kutoka Embu na Meru alitakiwa apite mbele yao na kupewa cheti cha uaminifu, la sivyo hakuna masomo, hakuna mtihani, hakuna hata pasi ya kurudi kwao. Jioni ile, sehemu ya kuogea, niliwasikia wasichana wa darasa la juu wakinong'onezana nyuma ya ukuta wa mabati. "Usikatae," mmoja alikuwa akisema. "Ukikataa wanakuona sugu. Sema ulikula kiapo, sema ulilazimishwa, lia kidogo, wanakusafisha, unaenda zako." Mwingine akauliza, "Na wakiuliza nani alinilisha?" Yule wa kwanza akajibu kwa sauti ya mtu anayefundisha kupika ugali: "Taja aliyekufa. Wafu hawafungwi."

Waliketi katika bwalo letu la chakula, ambalo bado lilikuwa linanuka kabeji. Afisa alikuwa kijana wa Kizungu ambaye pua yake ilibambuka kwa jua. Kando yake alikaa karani na mkalimani, Mmeru aitwaye Kithinji, mwenye kalamu mbili mfukoni na mwandiko mzuri kuliko wa walimu wetu. Afisa aliniuliza kwa Kiingereza. Nilimwelewa, nikajibu kwa Kiingereza. Hakupenda. Alimwambia Kithinji, "Mwambie ajibu kienyeji," na kienyeji chenyewe, kwa sababu Kithinji hakukiamini Kiembu chake, kikawa Kiswahili. Basi tulikuwa watu watatu mezani, na lugha ya mezani haikuwa ya yeyote kati yetu.

"Ulikula kiapo?"

"Sikula."

"Kwenu wote wamekula."

"Mimi nilikuwa hapa shuleni."

"Mwenye hakukula haogopi kusema alikula," Kithinji akasema, na mpaka leo sijui kama hayo yalikuwa maneno ya afisa au yake. "Mwenye anakataa ndiye alikula nyingi."

"Na ambaye hakula kweli, aseme nini?"

Hilo hakulitafsiri. Aliiweka kalamu chini, akaniambia polepole kwa Kimeru, ambacho kwa sisi wa Embu kinafunguka kama mlango wa jirani, "Kasichana, swali hilo liache huko nje." Halafu akamgeukia afisa na kusema kwa Kiingereza, "Anakataa."

Nilikaa kwenye benchi nje ya ofisi ya Bibi Mkuu siku tatu. Sikuruhusiwa darasani. Niliwaona wenzangu wakiingia bwaloni mmoja mmoja na kutoka na karatasi. Karimi alimaliza kabla uji haujapoa. Alimtaja mjomba wake aliyekanyagwa na nyati zamani, wakati yeye mwenyewe akiwa bado anatambaa. "Mjomba hatakasirika," aliniambia akijifunga kitambaa. "Alipokuwa hai hakuwa na kazi. Sasa amesaidia mtu." Siku ya tatu Bibi Mkuu aliniita ndani. Kulikuwa na chai ya maziwa katika kikombe cha maua, na sahani ya biskuti, na nilikuwa na njaa. Naieleza njaa yangu kwa sababu nataka ijulikane kwamba ilikuwepo mezani pamoja nasi.

"Igoki," alisema, "wewe ni mwanafunzi wangu bora. Usiitupe shule kwa ukaidi."

"Bibi, wanataka niseme jambo ambalo si kweli."

"Wanataka kumaliza kazi yao waende. Waambie kitu."

"Kitu gani?"

Alikoroga chai yake, ingawa ilikuwa imekwisha korogwa. "Ni maneno tu, Igoki," akasema.

Maneno tu. Nimeyabeba hayo kuliko kitu chochote alichowahi kuandika ubaoni. Sasa nina mtoto, na nikimtazama najiuliza siku nitakayomwambia "ni maneno tu" nitakuwa nimemuuza kwa nani. Lakini siku ile sikuwa na hasira, hilo ndilo linaloniudhi. Nilisikia nafuu. Mtu mkubwa alikuwa amenifungulia mlango. Nikala biskuti tatu.

Nikarudi bwaloni nikasema nilikula kiapo wakati wa likizo, nililazimishwa, na aliyenilisha ni Rwamba wa boma la Nyaga. Bibi huyo alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nilikuwepo akizikwa. Alikuwa akiuza ugoro sokoni kwetu, ameketi juu ya gunia, na kila mtoto aliyepita alimtania na yeye akamtania zaidi. Nilimfanyia ujanja Kithinji kwa kumpa habari nyingi, maana nilijua uongo mkavu haumezeki. Nikasema ni mwanamke mzee, mvi kichwa kizima, mgongo umepinda, hana jino hata moja mbele, akicheka hufunika mdomo kwa kiganja. Kila neno lilikuwa kweli. Nilichukua maisha ya bibi wa watu, nikayapanga vizuri kama vyombo kabatini, na katikati yake nikaweka uongo mmoja. Kithinji akaandika yote kwa mwandiko wake mzuri. Afisa, ambaye siku tatu alikuwa ananitazama kama nyoka, akatabasamu kwa mara ya kwanza na kuniambia nimefanya vizuri kusema ukweli. Nikapewa cheti. Jioni ile niliyala mahindi na wadudu wake wote, nikalala fofofo.

Unga wa shule uliletwa na Mzee Abdalla, mfanyabiashara Mwislamu wa Meru mjini, mwenye lori la kijani lililokuwa likikohoa kutoka mbali. Wasichana wengine walimwogopa. Mimi nilipenda kusimama karibu nikimsikiliza akizungumza Kiswahili, kwa sababu kinywani mwake hakikuwa Kiswahili cha amri kama cha homugadi wala cha kitabu kama chetu. Kilikuwa lugha ya mtu anayeomba chumvi nyumbani kwake. Yeye alijua ninatoka Embu. Wiki tatu baada ya cheti alikuja, na magunia yalipokuwa yanashushwa akaniita pembeni.

"Binti, nimekodiwa kupeleka miti ya boma kule kwenu. Kuna mama wamemchukua mbele yangu. Nikasema nikwambie, pengine ni jamaa."

"Nani, Mzee?"

"Rwamba. Wa boma la Nyaga."

Nilicheka. Naam, nilicheka. "Mzee, Rwamba alikufa."

Hakucheka. "Aliyekufa hapigi ukelele vile, mwanangu. Ni mtu mbichi, hajafika miaka ishirini na miwili. Ana kichanga. Walifika wakauliza, 'Rwamba ni nani hapa?' Alikuwa anamenya viazi vitamu. Akasema, 'Ni mimi.' Hakujua hata anaitiwa nini. Mtoto wakamwachia bibi mwingine pale. Nilipoondoka maziwa yalikuwa yamemlowesha nguo mpaka kiunoni."

Hapo ndipo nilipojua. Kwetu mtu akifa jina lake haliendi kaburini. Mwanawe wa kiume akizaa binti, hata yule bibi akiwa bado hai, binti hupewa jina lake, na bibi akifa huwa amekwisha kurudi, na si kwa mfano. Watu humwita mtoto "cucu", yaani nyanya, wakamsalimu kwa heshima ya nyanya na kumkumbusha madeni ya utani aliyoyaacha. Huwezi kumtaja mfu wa Embu bila kumgusa aliye hai. Nilijua hilo kama ninavyojua ulimi wangu. Mimi mwenyewe naitwa Igoki kwa sababu kulikuwa na Igoki mwingine. Lakini sikujua kwamba Rwamba amerudi, maana yule mwanawe alihamia zamani nyanda kavu za Mbeere na mifugo yake, akazalia huko, na ni amri ya vijiji tu iliyomrudisha na binti yake karibu na kwetu, mimi nikiwa bwenini. Niliona kaburi moja nikadhani nimeona yote. Karimi, aliyemtaja mjomba wake, alipona kwa bahati tu. Na kule kwa Nyaga watu walieleza, Mzee Abdalla alisema, walieleza wakipiga magoti, kwamba mwenye jina hilo anayezungumziwa alikwisha kufa. Homugadi wakacheka. "Kila siku mnatupatia wafu," mmoja alisema. "Leo tumempata aliye hai."

Nilikwenda moja kwa moja kwa Bibi Mkuu, nikasimama bila kukaribishwa. Nikamwambia. Akawa mweupe zaidi ya alivyokuwa. Akasema ataandika barua, akasema mambo haya yana taratibu, akasema nikienda kujitangaza kuwa nilidanganya hataweza kunilinda.

"Hukunilinda, Bibi," nikamwambia. "Ulinipa biskuti."

Sikungoja jibu. Nilipanda lori la Mzee Abdalla kando yake, na katika kila kizuizi kati ya Meru na Embu askari walitaka karatasi, nami nikawaonyesha cheti changu cha uaminifu. Kilipita kote. Walinipigia hata saluti ya mzaha daraja la Thuci. Mzee Abdalla alitazama barabara tu. Mara moja alisema, "Unajua watakufunga?" Nikasema najua. Akasema, "Unajuaje?" Nikamtazama nikidhani naye anafundisha, lakini alikuwa anauliza tu, kama mtu anayetumaini jibu liwe lingine. Nikasema sijui, Mzee, nadhani tu. Akanipa ndizi mbivu mbili za Mitunguu kutoka chini ya kiti. "Kula. Wafungwa hawapewi ndizi."

Kikosi kilekile kilikuwa kimehamia kwenye kituo cha homugadi nje ya kijiji chetu. Afisa yuleyule, pua ileile. Kithinji yuleyule na kalamu zake mbili. Aliponiona alijua, niliona macho yake yakishuka mezani. Nikakitoa cheti nikakiweka mbele ya afisa, nikaongea Kiingereza, na safari hii sikungoja niruhusiwe.

"Nilikuambia kweli ukaniita mwongo. Nikakudanganya ukanipa karatasi hii. Chukua karatasi yako. Yule mwanamke hakunilisha kitu. Hakuna aliyenilisha."

Afisa alikitazama cheti, akanitazama mimi. Si kwamba alikuwa mjinga. Aliuliza swali ambalo Bibi Mkuu angelipenda. "Kama unasema ulidanganya mara ile, nitajuaje kwamba hudanganyi sasa?"

"Usiniamini," nikasema. "Soma ulichoandika."

"Nini?"

"Maelezo yangu. Mwambie karani ayasome. Yote."

Kithinji hakusogea. Afisa akapiga meza kwa kidole. Faili ikatolewa, na kwa mara ya kwanza, naamini, mtu katika kituo kile akasoma karatasi baada ya kuiandika. Kithinji alianza kwa sauti ya chini. Mwanamke mzee. Mvi kichwa kizima. Mgongo umepinda. Alipofika hapo nikasema, "Mleteni." Afisa akaashiria kwa mkono.

Wakamleta Rwamba. Nilikuwa sijamwona maisha yangu yote. Alikuwa mrefu, amenyooka kama mtama, kanga yake imekauka madoa ya njano kifuani, na nywele zake nyeusi zilikuwa na majani makavu. Alinitazama bila kujua mimi ni nani. "Endelea," afisa akasema. Kithinji akasoma, "Hana jino hata moja mbele."

Nje kulikuwa na mtu anapasua kuni. Rwamba hakujua Kiingereza, na Kiswahili chake kilikuwa cha kuokoteza, kwa hiyo nikamwambia kwa Kiembu, "Dada, fungua mdomo."

"Kwa nini?"

"Wanamtafuta mwanamke asiye na meno."

Alinitazama. Akamtazama afisa. Kisha akapiga hatua mbili mpaka mezani, akainama usoni pa yule kijana wa Kizungu kwa karibu sana, kana kwamba yeye ndiye anayemchuja, akafunua meno. Yote. Meupe, makubwa, yamepangana kama mahindi ya mbegu. Alikaa hivyo, hatabasamu, hasemi, anayaonyesha tu, mpaka afisa akarudisha kiti nyuma. Homugadi mmoja mlangoni akapasua kicheko akakizima kwa mkono. Nimesoma vitabu tangu siku hiyo, na watu wengi wameniambia ukweli unathibitishwa namna gani. Mimi nimeuona umeinama juu ya meza ukionyesha magego.

Walimwachilia jioni ile, baada ya siku kumi na moja. Si kwa huruma. Nadhani afisa aliona aibu mbele ya watu wake, na aibu wakati mwingine hufanya kazi ya haki. Alipokuwa anapita karibu yangu tayari nilikuwa nimeshikwa mikono. Mtu alikuwa amekwisha kumwambia kwamba mimi ndiye niliyelitoa lile jina. Alisimama. Nilitaka anitemee mate, ingekuwa rahisi. Akasema, "Maziwa yamekauka," akaenda.

Mimi nilifungwa miezi miwili. Tulichimba mitaro na kukata nyasi za kuezekea, wanawake arobaini na koleo kumi, na kila Jumatatu niliulizwa ni nani aliyenilisha kiapo, nikasema hakuna, wakaandika sugu. Nilipotoka nikakuta barua ya Bibi Mkuu inaningoja kwa mama yangu. Ilikuwa fupi. Ilisema shule inasikitika, lakini haiwezi kumpokea tena msichana ambaye kwa kinywa chake mwenyewe amekiri kuwa mwongo. Niliisoma mara moja tu. Sikuhitaji ya pili. Katika nchi nzima, kwa mwaka mzima, watu walisema uongo wakapewa vyeti, na mimi nikafukuzwa kwa uongo, siku niliposema kweli.

Kwa hiyo, dada mpendwa mwenye sahihi nzuri, huo ndio mwaka ulionijenga. Kuna watakaosema Bibi Mkuu alikuwa mtu mwema katika wakati mgumu. Alikuwa mwema. Alilia nilipoondoka, Karimi aliniambia baadaye. Mimi sitaki machozi yake. Ningetaka angekwenda bwaloni, akavuta kiti, akamwuliza yule kijana, "Unajuaje?" Neno moja alikuwa nalo, alilifundisha kila Alhamisi kwa watoto wasio na uwezo wa kumjibu, na siku alipokuja mwenye bunduki akaona ni maneno tu. Wala sijiachi mimi. Biskuti nilizila mwenyewe. Nilimchagua maiti kwa sababu nilidhani hana wa kumlilia. Nikinyonyesha saa hizi huwa naisikia ile nguo iliyolowa, kifuani kwangu, na najua kwa mwili kitu ambacho wakati ule nilikijua kwa masikio tu.

Jana Rwamba alikuja. Sisi si marafiki, niseme wazi. Miaka ya kwanza tulipokutana sokoni alikuwa akipita upande wa pili. Kisha siku moja aliniuzia viazi akanipunja, nikajua ameanza kunisamehe, maana mtu hampunji asiyemtambua. Binti yake alipona kwa maziwa ya mbuzi na ndizi za kuponda, sasa anasoma. Jana alikuja na njahi zilizopikwa, yale maharagwe meusi anayopewa mzazi ili apate maziwa, sufuria nzima, akaiweka mezani juu ya barua ya shule. Akamchukua mtoto bila kuuliza.

"Anaitwa nani?"

"Bado. Nataka kumwita Rwamba."

Jikoni sufuria zikanyamaza.

"Hapana," akasema.

"Kwa nini?"

"Wewe msomi, unadhani jina ni dawa ya kupaka? Ulilichukua bila kuniuliza, sasa unalirudisha bila kuniuliza. Kaa na makosa yako, hayo ni yako. Mtoto muache."

Alisema kweli na nilijua anajuaje. Nilikula njahi huku machozi yakinidondokea kwenye sahani, ya hasira, kwa sababu nilikuwa nimejipanga kupigana na ukoo wote wa mume wangu ila sikujipanga kupigana na yeye. Hapo mtoto akapiga mwayo. Mwayo mpana, wa kichwa kizima, ufizi mtupu wa waridi juu na chini. Rwamba akainama kumtazama. Mabega yake yakaanza kutikisika.

"Igoki," akasema. "Igoki, tazama. Hana jino hata moja mbele."

Nikatazama.

"Mgongo umepinda," akasema, akamgeuza. "Na akicheka atafunika mdomo. Mwite Kithinji! Mwite yule wa pua! Huyu ndiye waliyekuwa wanamtafuta!"

Alicheka mpaka akalazimika kunirudishia mtoto, meno yake yote nje, yaleyale, nami nikacheka nikiwa na njahi mdomoni. Ilipoisha akajifuta macho kwa ncha ya leso, akamchukua tena mtoto na kumweka mapajani. "Mpe, basi," akasema kwa sauti nyingine. "Si langu unampa. Ni la cucu. Yeye ndiye uliyemsingizia, na hakuna aliyekwenda kumwomba radhi. Mpe, na umwambie alikuwa akiuza ugoro mzuri."

Mama mkwe wangu alikuwa amesimama mlangoni, mwiko mkononi. Sijui alikuwa amesikia kuanzia wapi. Si mtu mbaya, na jina lake atalipata binti wa pili Mungu akijalia, nimemwambia hivyo na nitamwambia tena. Alitutazama wote watatu, akauliza polepole, kama mtu anayetaka kuandikiwa, "Na huyo Rwamba ni nani hapa?"

Mimi nilifungua mdomo kueleza. Rwamba aliniwahi. Hakuinuka, hakumtazama hata mara moja. Alikuwa anamtengenezea mtoto blanketi chini ya kidevu.

"Ni sisi," akasema.